Yai, Chungu na Ukuta Mweupe

Maneno niliyowaambia wapiga picha vijana wa harusi na shughuli za nyumbani, Tanga. Waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu mliofika. Wadogo zangu, wanangu, asalaam aleikum. Na ndugu zangu wengine, Bwana asifiwe. Naona mmeniwekea mezani kila nilichoomba: yai moja, chungu kimoja cha kupikia na karatasi ngumu nyeupe. Vikae hapohapo. Tutavigusa mwisho.

Nimepiga picha za shughuli kwa zaidi ya miaka 20, na nyingi ni za ndani: kitchen party, singo, sendofu, nikaha, ubatizo, maulidi ya nyumbani. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, naitwa sana kwenye shughuli ambazo wanaume hawaingii, na hizo karibu zote hufanyika usiku, chumbani, mapazia yamefungwa. Flashi imekuwa mkononi mwangu kama mwiko ulivyo mkononi mwa mpishi. Leo nimekuja kuizungumzia hiyo tu, na zaidi ya yote nataka mtoke hapa mnajua mahali pa kuielekeza.

Naomba nianze na picha moja inayoniuma mpaka leo.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Nikaitwa harusi ya nyumbani, Pangani. Sebule ndogo, kuta za rangi ya mafuta ya kijani, taa moja ya tyubu. Bibi harusi amekaa mkekani katikati, kina mama wamemzunguka, mbele yao sahani za halua na visheti. Nyuma kabisa, kwenye kona, bibi yake mzaa mama yuko kitini, amejitanda ushungi mweupe, anatabasamu. Nilimwona vizuri. Nikasema moyoni, huyu simwachi. Nikanyanyua kamera, flashi imetazama mbele kama tochi ya mlinzi, nikapiga mara moja nikaendelea na mengine.

Miezi michache baadaye familia ikaja dukani kwangu. Bibi amefariki. Maisha yake yote alikuwa akikataa kupigwa picha, siku ile tu ndiyo alikubali, na wao walikuwa wameniona nikielekeza kamera upande wake. Tukaifungua ile picha kwenye kompyuta. Halua imetoka nyeupe kama chaki. Paji la uso la bibi harusi linang'aa kama kioo. Kule nyuma, tulipoivuta karibu, ushungi ulionekana, uso haukuwepo. Nikaongeza mwanga kwenye programu. Zikaja chembechembe na ukijani wa ukuta, uso haukuja. Mama mmoja akanyoosha kidole akagusa kioo cha kompyuta pale uso ulipopaswa kuwa. Hakunilaumu. Wakaniaga kwa adabu, wakaondoka.

Usiku ule sikulala, nikakumbuka kamba ya mwalimu wangu.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na studio ndogo ya mtaani, enzi za filamu ya picha 36. Filamu haikuonyeshi ulichopiga. Unajua ukishasafisha, na wakati huo harusi imekwisha. Kwa hiyo kila alipokwenda kwenye shughuli alibeba kamba yenye mafundo matatu. Fundo la kwanza lilikuwa mita 2, la pili mita 4, la tatu mita 8. Kila fundo lilikuwa na kipande cha plasta chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu: 16, 8, 4.

Zile zilikuwa namba za tundu la lenzi. Flashi yake ilikuwa na namba ya mwongozo 32, yaani kipimo cha nguvu yake, kwa kipimo cha mita na filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu au kamera kuhisi mwanga). Ukigawa 32 kwa umbali wa mtu unayempiga, unapata namba ya kuweka kwenye lenzi. Mtu yuko mita 2, weka f/16. Yuko mita 4, weka f/8. Mita 8, f/4. Sasa angalieni kilichojificha ndani ya hesabu hiyo. Kutoka f/16 kwenda f/8, tundu linapitisha mwanga mara 4 zaidi. Yaani mtu akiondoka mita 2 akaenda mita 4, umbali umeongezeka mara 2 tu, lakini mwanga unaomfikia umeshuka ukabaki robo. Akienda mita 8, anapata sehemu 1 kati ya 16.

Rudini nami Pangani. Halua ilikuwa mita 1 kutoka kwangu. Bibi harusi mita 2. Bibi kizee mita 4. Kwa hiyo yule bibi alipata robo ya mwanga wa mjukuu wake, na sehemu 1 kati ya 16 ya mwanga uliopiga sahani. Kamera ikafanya ilichoweza na vile vya mbele, kule nyuma pakazama. Kuongeza nguvu ya flashi kusingemsaidia hata kidogo, maana uwiano ungebaki uleule: halua ingezidi kuungua.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye dawa. Nyuma ya mgongo wangu, kama mita 2, palikuwa na kitambaa kizito cheupe kilichotundikwa kuziba mlango. Nilikipa mgongo usiku kucha. Lau ningegeuza kichwa cha flashi kikakitazama kile kitambaa, mwanga ungepiga pale kwanza, ndipo urudi kwa watu. Kitambaa ndicho kingekuwa taa. Na kutoka kwenye taa hiyo, halua ingekuwa mita 3, bibi harusi mita 4, bibi kizee mita 6. Kati ya 3 na 6 umbali ni mara 2, basi. Bibi angepata robo ya mwanga wa halua badala ya sehemu 1 kati ya 16. Uso wenye robo unaonekana. Ukitaka kuupandisha baadaye kwenye kompyuta, unapanda. Flashi ni ileile na chumba ni kilekile, ila kichwa cha flashi kimetazama kwingine.

Kwa hiyo siku hizi nikiingia kwenye nyumba ya watu, nikishasalimia, kabla sijafungua begi natazama juu, natazama pembeni, natazama nyuma. Dari ni nyeupe? Iko umbali gani? Ukuta upi hauna rangi kali? Wenyeji huniuliza natafuta nini. Nawaambia natafuta taa.

Kuna faida nyingine ya kurushia mwanga ukutani, nayo inahusu ngozi za watu wetu. Kichwa cha flashi hakizidi kiganja cha mtoto. Mwanga ukitoka mahali padogo hivyo, unachora vivuli vikali kama vya wembe. Mnalijua hili kwa jua. Jua la saa sita mchana, ingawa lenyewe ni kubwa mno, liko mbali kiasi kwamba angani ni duara dogo tu. Kivuli cha pua kinaanguka mdomoni, macho yanaingia mashimoni. Lakini mtu huyohuyo mkalishe barazani, kivulini, anga lote linamwangaza mbele, uso unatulia. Anga ni taa kubwa. Ukuta mweupe nao ni taa kubwa. Flashi ikiupiga ukuta, doa la mwanga linatanuka likawa na upana wa mita 1, au mita 2, na doa hilo ndilo linalomwangaza mtu wako.

Mzee alinifundisha hili kwa yai na chungu. Alivipanga mezani, akazima taa, akaniambia nipige kwa flashi ya moja kwa moja. Yai likatoka bapa kama sarafu, na nyuma yake kivuli cheusi tii. Chungu kikatoka na nukta moja nyeupe kali, kwingine kote giza, hujui kina mviringo au la. Kisha akageuza flashi kwenye ukuta wa kushoto. Yai likavimba, likawa yai. Na chungu, wanangu, chungu ndicho kilichonifungua macho: badala ya ile nukta, kikawa na utepe mpana wa mng'ao upande mmoja, unaofifia taratibu kuelekea mgongoni. Umbo lote likasomeka.

Yai linajionyesha kwa kivuli chake. Chungu kinajionyesha kwa mng'ao wake. Sisi tulio weusi nyuso zetu zina tabia ya chungu. Shavu la mtu mweusi linachongwa na mng'ao, na mng'ao ni sura ya taa yenyewe ikirudi kutoka kwenye ngozi. Taa ikiwa ndogo unapata madoa meupe ya jasho puani na kwenye paji la uso, na wapambaji wanaanza kumwaga poda mpaka bibi harusi anakuwa na uso wa majivu. Taa ikiwa kubwa na imetoka upande, mng'ao unatandazika, unaonekana kama hariri. Nimeona wapiga picha wakiwalaumu watu kwamba ni weusi mno kupigwa picha usiku. Naomba neno hilo lisitoke mdomoni mwa yeyote aliyekaa humu. Ni kosa la mahali taa ilipowekwa, na taa ni yetu sisi.

Wala msidhani kisa hiki kimeanza na sisi. Kwa miongo mingi, maabara za kuchapisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi kutoka Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Nyuso kama zetu hazikuwemo kwenye kipimo, na zilitoka zikiwa zimefutika, meno na macho tu. Baadhi ya malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha filamu zake yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani pichani. Habari hiyo ilinihuzunisha sana nilipoisoma. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya mama zetu. Kamera za leo zina uwezo mkubwa kuliko filamu zile, lakini mpiga picha anayempiga mtu flashi usoni anamrudisha palepale.

Mniruhusu niseme kidogo kuhusu tabia hii ya kupiga mbele moja kwa moja ilikotoka. Mwaka 1887, Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya unga wa magnesi na kemikali nyingine, ukiwashwa unalipuka kwa mwanga mkali. Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark aliyekuwa New York, aliutumia usiku kuonyesha vyumba vya mafukara wa mji ule. Aliingia gizani, akalipua, akapiga. Siku moja unga ukawasha moto chumba alichokuwa akipiga. Picha zake zilisaidia kubadilisha hali ya makazi, na namheshimu kwa hilo, lakini tazameni macho ya watu wale: wameshtuka kama kulungu kwenye taa za gari. Riis hakuwa na namna nyingine. Ninyi mnayo. Vichwa vya flashi zenu vinainama na kuzunguka, na wengi wenu hamjawahi kuvizungusha tangu mnunue.

Swali nililolitarajia: mwanga ukipigwa ukutani si unapungua? Unapungua sana. Kwa kawaida unabaki robo au hata sehemu 1 kati ya 8. Wapi tutaufidia? Kwenye kamera, na kwa kufanya hivyo tunapata zawadi ya pili, ambayo ni chumba chenyewe.

Vijana wengi naona mnaingia ukumbini na ISO 100, f/8, shata (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie) 1/200 ya sekunde, kwa sababu mahali fulani mmeambiwa ISO kubwa inaharibu picha. Mnapata bibi harusi anayeng'aa na nyuma yake giza la pango. Mapambo ya laki kadhaa yaliyowekwa na kamati hayaonekani. Mama mzazi aliyesimama nyuma akifuta machozi haonekani. Sasa wekeni ISO 1600, f/4, shata 1/60. Fanyeni hesabu: ISO imewapa mara 16, tundu mara 4, shata zaidi ya mara 3. Taa za chumba sasa zinaandika pichani zaidi ya mara 200 kuliko mwanzo. Na flashi, ambayo shata haiigusi, inahitaji sehemu 1 tu kati ya 64 ya nguvu iliyokuwa ikihitaji. Hapo una akiba ya kutosha kuutupa mwanga ukutani upungue utakavyo. Betri hazichoki, flashi haichemki, na hukosi tukio kwa kusubiri ijichaji.

Shikeni jambo moja: shata inaamua taa za chumba zionekane kiasi gani, lakini flashi haina habari nayo, maana flashi inawaka na kuzima shata ikiwa bado wazi. Kwa nguvu ndogo inaweza kuwaka kwa sehemu ya 1/10,000 ya sekunde. Ndiyo maana Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani aliweza kuonyesha tone la maziwa likianguka na kuruka kama taji. Kwa hiyo msiogope 1/60 watu wakiwa wamekaa au wamesimama, flashi itawagandisha. Wakianza kucheza, pandeni 1/125, la sivyo taa za DJ zitawavuta watu mikia. Na msipite 1/200 au 1/250, kutegemea kamera yenu, bila kuwasha mpangilio wake maalumu. Mtapata utepe mweusi umekata picha, na picha hiyo haitengenezeki.

Kuta za rangi. Hili linatutesa hasa huku pwani, watu wanapenda kijani, buluu na waridi. Ukuta wa kijani ukiurushia mwanga, unakurudishia ukijani usoni mwa watu, na ngozi nyeusi yenye ukijani inaonekana ya mgonjwa. Usiutumie. Tafuta dari. Dari nayo ikiwa ya mbao au ya mabati, mwambie msaidizi wako akae pembeni ameshika karatasi kubwa nyeupe kama hii hapa, au tandika shuka jeupe kwenye kabati. Mara moja nilirushia mwanga kwenye kanzu ya shehe mmoja mnene aliyesimama pembeni, baada ya kumwomba ruhusa, na picha ya nikaha ile naipenda kuliko zote za mwaka ule.

Na dari usiipige wima juu ya kichwa cha mtu. Mwanga ukishuka wima unakuwa ule wa saa sita mchana, macho yanazama. Elekeza flashi juu na pembeni, au juu na nyuma ya bega lako, mwanga uje umeinama. Mwanga unaruka kama mpira: pembe uliyoingilia ndiyo utakayotokea. Ukiulenga sakafu ya nyuma ya watu, utaangaza miguu ya viti. Jambo la adabu: kabla hujageuza flashi nyuma, geuka kwanza wewe. Usimlipulie mzee wa watu machoni kwa sababu unatafuta mwanga laini kwa mwingine.

Kugeuza huko kunaondoa na macho mekundu. Yale hutokea flashi ikiwa karibu na lenzi: mwanga unaingia kwenye mboni iliyofunguka gizani, unapiga damu iliyo nyuma ya jicho, unarudi moja kwa moja kwenye kamera. Ukitokea pembeni, haurudi kwenye lenzi. Mwenye miwani naye utamponya kwa njia hiyohiyo. Ikigoma, mwombe ainue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio.

Upande wa rangi za taa sitakaa sana. Flashi ni nyeupe, kama kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na jua la mchana. Balbu za kizamani za waya, na nyingi za LED za rangi ya joto, ziko kama 2700 mpaka 3000, ni za chungwa. Ukizichanganya, uso unakuwa wa buluu au chumba kinakuwa cha machungwa. Weka kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, kisha mpangilio wa weupe wa kamera uweke kwenye alama ya balbu, vyote vitalingana. Lakini nyumba nyingi sasa zina taa nyeupe za baridi, na hizo zinakaribiana na flashi, huhitaji plastiki. Na taa za DJ za zambarau na kijani, ziacheni zipake ukuta na wachezaji wa nyuma, mradi uso wa mtu wako umepata mwanga safi.

Kumbi kubwa ni habari nyingine kabisa. Dari iko mita 6 au zaidi, imefunikwa vitambaa vya rangi ya kamati. Naona watu wanaelekeza flashi juu ukumbini kwa mazoea, mwanga unakwenda haurudi, betri zinakwisha kwa bure. Humo nenda na ukuta wako mwenyewe. Mimi nabeba stendi, mwavuli mweupe, flashi ya pili na triga ya redio inayoiwasha kutoka mbali. Mwavuli nauweka pembeni, juu kidogo kupita vichwa, nusu mbele nusu ubavuni kwa maharusi. Miguu ya stendi naifunga kwa mfuko wa mchanga, maana watoto wanakimbia. Na picha ya ukoo wa watu 30 siipigi mwavuli ukiwa karibu. Nausogeza nyuma kabisa na kuongeza nguvu, ili wa mbele na wa nyuma wasitofautiane, na safu naipinda kidogo kama mwezi mchanga ili wa pembeni wasiwe mbali na taa kuliko wa katikati. Hiyo ni kamba ya mzee tena, mnaiona?

Kuhusu TTL, ule upimaji wa kamera yenyewe. Flashi inatoa mweko mdogo kabla ya picha, kamera inapima kilichorudi, inaamua nguvu. Inadhani kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati, kama vumbi. Bibi harusi na shela jeupe akijaza picha, kamera inasema mwanga umezidi, inapunguza, na uso wake unazama. Ongeza kwenye fidia ya flashi, theluthi 2 mpaka 1 nzima. Kina mama waliovaa mabuibui wakijaza picha, inafanya kinyume: inaongeza, nyuso zinapauka. Punguza. Na maharusi wakiwa wamekaa jukwaani, umbali haubadiliki, mimi naweka nguvu mwenyewe kwa mkono, napima mara moja, sibabaiki tena mpaka keki ikatwe.

Sasa nisije nikawadanganya kwamba flashi ya mbele ni haramu. Pale Bamako, Mali, alikuwepo Malick Sidibé. Miaka ya 1960 alizunguka usiku kwenye dansi za vijana na flashi yake, akiwapiga mbele moja kwa moja. Ile picha yake ya mkesha wa Krismasi wa 1963, kijana na dada yake wanacheza, vichwa vimekaribia kugusana, miguu ya binti iko peku, ni miongoni mwa picha za furaha kubwa kabisa zilizowahi kupigwa Afrika. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, na 2007 tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi nikijiuliza kwa nini flashi haikuiharibu. Jibu langu ni hili: alikuwa karibu, aliowataka walikuwa umbali mmoja kutoka kwake, na giza la nyuma yao lilikuwa ni usiku wenyewe, lilifaa kuwepo. Tena vijana wale walimjua, hakuna aliyeshtuka. Mkitaka kupiga mbele, pigeni kama yeye, mkijua nani yuko mafundo mangapi. Mimi pale Pangani sikujua.

Nimalizie na la faragha, maana wadogo zangu wa kike mtaitwa kama ninavyoitwa. Kwenye singo wanawake wako vichwa wazi. Flashi inaonekana mpaka nje ya dirisha. Funga mapazia kwanza, na uliza ni nani hataki. Kuna bibi atakayekataa saa ya kwanza akakubali saa ya tatu. Usimsumbue, lakini jua alipokaa, na jua ukuta ulio karibu naye ni wa rangi gani, ili akikuita uwe tayari.

Basi. Naomba aliye karibu na swichi azime taa za mbele. Wewe mwanangu wa fulana nyekundu, njoo na kamera yako, weka ISO 1600, f/4, shata 1/60. Chungu kisogezeni kushoto, kigusane na yai kidogo. Kwanza piga moja kwa moja, tuone. Haya, sasa shika kichwa cha flashi, kigeuze taratibu mpaka kitazame ule ukuta.